Ratiba ya Kwenda Mjini Bila Gari

Jumatatu, wiki ya kwanza

Mvua imeanza siku moja na muhula. Nimebandika ratiba ya masomo kwenye ubao wa ofisi ya walimu kabla kengele ya kwanza haijalia. Vipindi arobaini kwa wiki, madarasa kumi na mawili, walimu kumi na tisa, na hakuna mwalimu aliyepangiwa kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili kuipanga. Mwalimu wa jiografia, ambaye wanafunzi wanamwita Ramani na sisi wengine tumefuata, aliisoma huku anatafuna karanga. Akasema, "Mzee wa Ratiba, kazi nzuri. Ila mimi kipindi cha kwanza niko chumba cha mwisho kule juu, cha pili niko maabara. Niruke?" Nikamwambia atembee haraka. Huyu bwana anapenda maneno.

Jioni mke wangu ameniambia kwamba binti yetu amepiga simu. Mahafali yake ya uuguzi ni Jumamosi ya wiki ya kumi na moja, kule mjini. Kila mhitimu anapewa kadi mbili za wageni. Moja ni ya mama yake. Ya pili hakuitaja.

Nikaenda kuchonga penseli.

Jumanne, wiki ya kwanza

Mvua.

Alhamisi, wiki ya kwanza

Niandike sababu hapa, maana kwingine siwezi kuisema.

Miaka miwili iliyopita binti yetu alivishwa kofia. Chuoni kwao, mwanafunzi akimaliza mwaka wa kwanza, mzazi hupanda jukwaani na kumvisha kofia nyeupe, na kuanzia hapo anaruhusiwa kumhudumia mgonjwa. Alinichagua mimi. Sherehe ilikuwa saa nne. Tuliingia mjini saa nne kasoro dakika tano, kwa gari letu, kama nilivyopanga. Kisha nikaanza kutafuta pa kuliegesha. Mtaa wa kwanza ulikuwa umejaa. Wa pili ulikuwa wa magari ya benki peke yake. Kwenye jengo la maegesho kulikuwa na kibao cha "Pamejaa" na mlinzi aliyenionyesha kibao hicho kwa kidole, kana kwamba sijui kusoma. Mke wangu alishuka kwenye taa nyekundu akaenda kwa miguu, akapotea, akafika watu wanakula keki. Mimi nilizunguka saa nzima na dakika hamsini. Mwishowe niliegesha mbele ya duka la rangi, nikakimbia hadi chuoni, nikakuta viti vinapangwa juu ya viti. Niliporudi, gurudumu la mbele lilikuwa limefungwa kufuli la njano.

Kofia alivishwa na mkufunzi wake. Picha ipo sebuleni. Mkufunzi anatabasamu kwa kamera, binti yangu anaangalia mlango.

Tangu siku ile tunasalimiana tu. "Shikamoo baba." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." "Haya, huyu hapa mama yako." Miaka miwili ya simu, na ukiziunganisha zote hazijazi ukurasa huu. Nilimweleza wakati ule kwamba kosa lilikuwa la mji. Naamini hivyo mpaka leo. Mji unaowaita watu elfu na kuwatengea nafasi mia za kuegesha una lake jambo.

Jumatatu, wiki ya pili

Nimeanza kupanga safari. Kadi sina, lakini anayesubiri kadi ndipo apange safari hatafika. Masharti ni matatu. Gari lisiingie mjini. Gharama isizidi ile tuliyoizoea tukienda kwa mafuta yetu. Tuwe ukumbini kabla ya sherehe kuanza; saa yake sijaambiwa, kwa hiyo nahesabu tufike saa mbili.

Teksi kutoka hapa hadi mjini nimeiuliza bei na nimeshukuru kwa heshima. Basi la asubuhi huondoka likijaa, na mimi siwezi kukipangia saa kitu kinachoondoka kikijaa. Imebaki treni. Reli inaishia kwenye stesheni ndogo iliyo mwendo wa nusu saa kutoka kwetu kwa gari. Kando ya stesheni kuna kiwanja cha kuegesha, bure, hakina hata kamba. Unaacha gari pale, unapanda treni hadi stesheni kuu, unatembea. Jumamosi kuna tiketi ya siku nzima, kwenda na kurudi, na mkiwa wawili mnapunguziwa. Chakula tutabeba cha nyumbani.

Nilimweleza Ramani wakati wa chai, kwa kuwa alikuwa amekaa karibu na hakuna mwingine. Akafurahi kuliko ilivyostahili. "Umefanya la maana! Gari lisiloingia mjini halitafuti pa kulala." Akanichorea njia ya kutoka stesheni kuu hadi chuoni nyuma ya daftari la mwanafunzi. Nilimkumbusha kwamba daftari si lake.

Ijumaa, wiki ya pili

Paa la darasa la nane linavuja. Nimelihamishia bwaloni na ratiba haijayumba.

Jumatano, wiki ya tatu

Mvua. Vipindi vyote arobaini vimefundishwa kwa wakati.

Jumapili, wiki ya tatu

Mke wangu anashona sare nyeupe ya mahafali. Yeye ni fundi, ndiye anayeshonea nusu ya wanafunzi wa shule yetu, na cherehani yake iko dirishani ambako kuna mwanga. Nimemwonyesha ratiba ya safari. Aliisoma bila kuondoa mguu kwenye kanyagio.

"Na hii ni ya watu wawili?"

"Wawili."

"Nani amekuambia tuko wawili?"

Nikasema mtu hujipanga. Akasema sawa, akarudi kwenye upindo. Baada ya muda akasema, "Mwenzangu, nawe ukipiga simu ukamuuliza mwanao, ulimi utakatika?" Nilikwenda kuangalia kama mfereji wa nje umeziba. Haukuwa umeziba.

Jumanne, wiki ya nne

Mvua. Ramani amechelewa kipindi cha pili tena. Nimemwandikia onyo.

Alhamisi, wiki ya tano

Simu imekuja jioni. Nilimsikia mke wangu akisema "sawa mwanangu" mara tatu, kila moja taratibu kuliko iliyotangulia, nikajua.

Kadi ya pili anafikiria kumpa mama yake mdogo, yule shemeji yangu anayeishi mjini, mtaa wa nyuma ya chuo. Atakuja kwa miguu. Hakusema kwamba amekwisha kuamua. Alisema anafikiria.

"Umemjibu nini?" nikauliza.

"Nimemjibu ni kadi yake."

"Umesema kweli."

"Hasira?"

"Hapana. Shemeji anakaa karibu."

Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimeumia, na hayo ni mambo mawili, ingawa kwa nje yanafanana. Nilikaa mezani nikachukua ratiba ya safari ili niichane, kisha nikaona kwamba safu ya pili haijanyooka, nikaipiga rula upya. Nitaijaribu. Jumamosi ijayo nitakwenda peke yangu kama vile ndiyo siku yenyewe, nione kama ingewezekana. Mke wangu amesema huo ni wazimu wa mtu mzima, na kwamba nibebe mwavuli.

Jumamosi, wiki ya sita

Nimerudi. Viatu viko jikoni vimejazwa magazeti.

Mpaka stesheni kuu kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Gari niliegesha kiwanjani kwa dakika moja, hakuna foleni, hakuna mlinzi wa kuonyesha vibao, nikakaa nikalitazama kwa raha. Treni iliondoka saa kumi na mbili na nusu na kufika saa mbili kamili. Nilikuwa na kiti. Kiwanja, treni, tiketi, vyote nilikuwa nimevipatia, na nikajipongeza.

Kisha nikashuka. Kutoka kwenye behewa hadi mwisho wa jukwaa, katikati ya watu, dakika nne. Foleni ya lango la tiketi dakika tisa, kwa sababu mashine moja ilikuwa inakataa. Kupanda na kushuka daraja la kuvukia barabara kuu dakika sita. Halafu dakika ishirini na nane za kutembea mitaa ileile niliyoizunguka kwa gari siku ile, mvua inanipiga ubavuni, mbele ya benki ileile na duka la rangi lilelile. Nilifika kwenye geti la chuo saa tatu kasoro dakika kumi na tatu.

Nikatoa ratiba kuandika tofauti. Iliandikwa hivi, kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, kwa rula: "Saa 2:00, kufika stesheni kuu. Saa 2:00, kufika chuoni."

Niliandika saa ileile mara mbili na wiki nne nzima sikuona kasoro. Ndivyo ninavyoandika siku zote. Kipindi cha tatu kinaisha saa tatu na dakika ishirini, cha nne kinaanza saa tatu na dakika ishirini, na mwalimu aliyeko chumba cha juu atajua mwenyewe atakavyofika maabara. Kutembea si kipindi. Hakuna anayekifundisha, kwa hiyo hakina mstari.

Nikasimama pale nje ya geti na mwavuli, nikaikumbuka siku ya kofia. Kuingia mjini, saa nne kasoro tano. Sherehe, saa nne. Nilikuwa nimejipa dakika tano za kuegesha gari, kufunga milango, kutembea na kupanda ngazi za ukumbi, katika mji ambao sikuwahi kuegesha ndani yake. Hata mtaa wa kwanza ungekuwa mtupu nisingefika. Miaka miwili nimelaumu mji, benki, mlinzi na kufuli la njano. Nyani haoni kundule.

Mlinzi wa geti alikuwa ananitazama. "Mzee, unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Napima njia."

"Wewe ni wa manispaa?"

"Hapana. Nina binti yangu humo ndani."

"Sasa si uingie umwone?"

Nikamwambia leo si siku yake. Akasema, "Basi sogea kwenye kibaraza, unalowa." Nilikaa kibarazani robo saa na nikaona aibu. Naiandika kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Halafu nikarudi stesheni, dakika arobaini na moja kwa sababu ya mteremko.

Jumapili, wiki ya sita

Mafua.

Jumatatu, wiki ya saba

Kabla ya kengele ya kwanza nimekwenda kwa miguu kutoka chumba cha mwisho cha juu hadi maabara, na saa mkononi. Dakika sita. Ukibeba ramani za ukutani na tufe la dunia, kama anavyobeba yeye, ni nane. Wakati wa chai nilimwambia Ramani kwamba nimefuta yale niliyomwandikia, na kuanzia wiki ijayo kila kipindi kitaanza dakika nane baada ya kilichotangulia kwisha. Aliacha kutafuna.

"Mzee wa Ratiba, unaumwa?"

"Nina mafua."

"Basi Mungu ayazidishe," akasema, ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka kidogo.

Alhamisi, wiki ya saba

Nimepanga safari upya. Kuna treni ya kabla ya ile, ya saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Inafika saa moja na dakika kumi. Nimeandika kila kitu: jukwaa, foleni, daraja, kutembea, viatu vya mke wangu vya kisigino, kupumzika mara moja. Ratiba imekuwa kurasa mbili. Sina kadi lakini ratiba ninayo.

Jumapili, wiki ya nane

Simu. Mke wangu alizungumza nusu saa, kisha akafanya jambo ambalo hafanyi. Akanipa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mama ameniambia ulikuja."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano ambayo tayari ina uzi.

"Nilipita tu," nikasema.

"Kwa treni. Kwenye mvua. Ukasimama getini ukarudi."

"Nilikuwa napima njia."

Kwa nyuma nilisikia kitanda cha mgonjwa kikisukumwa, magurudumu yake yanalia. Halafu akasema, "Baba, kadi ya pili ni yako. Beji ya uuguzi nitabandikwa na mama, hilo nimeshaliandikisha kwa mkuu wa chuo na sitalibadilisha. Lakini kadi ni yako. Sherehe ni saa tatu kamili. Usije na gari."

"Siji na gari."

"Saa tatu kamili, baba."

"Nimesikia. Haya, huyu hapa mama yako."

Alipokwisha kuzungumza na mama yake nilimuuliza mke wangu nani alimtuma. Akasema hakutumwa, ana mdomo. Nilitaka kumlaumu na sikupata pa kuanzia. Nimefurahi mno. Nimekwenda nje kuangalia mfereji.

Jumatano, wiki ya tisa

Mvua bila kukatika tangu Jumatatu. Redio inasema mto umefika chini ya daraja. Si daraja letu.

Alhamisi, wiki ya tisa

Mvua.

Ijumaa, wiki ya tisa

Mvua. Ni daraja letu, lakini linapitika.

Jumamosi, wiki ya tisa

Nimekwenda hadi stesheni kukagua. Treni zinatembea, zinafika kwa saa zake. Kiwanja cha kuegesha hakipo. Kumebaki dimbwi, na ndani yake pikipiki mbili zimezama hadi viti. Mkuu wa stesheni, bwana mmoja aliyevaa mabuti ya mpira, amesema maji hayo hayataondoka kabla ya mwezi kwisha. Nikamuuliza watu wanaegesha wapi. "Barabarani, na polisi wanayavuta. Usilete gari hapa, baba." Watu wawili wameniambia maneno hayohayo ndani ya wiki moja.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima ya kurudi. Nimepanga hili na lile ili nisitafute pa kuegesha mjini, na sasa sina pa kuegesha porini.

Jumanne, wiki ya kumi

Nimeuliza basi, nimeuliza teksi hadi stesheni. Dereva wa teksi amesema kwa saa ile na barabara ile hatoki, hata nimpe teksi nyingine. Mke wangu amependekeza tulale kwa shemeji tangu Ijumaa, lakini Ijumaa nasimamia mitihani hadi jioni. Sare imekwisha. Inaning'inia mlangoni mwa chumba chetu, nyeupe, na kila nikiingia najitahidi kutoigusa.

Alhamisi, wiki ya kumi

Ramani amenikuta ofisini nikitazama ratiba. Akavuta kiti bila kukaribishwa, kama kawaida yake.

"Umekwama wapi?"

Nikamwambia.

"Sasa hiyo nayo ni shida? Nitawapeleka mimi. Nawashusha mlangoni, nageuza, narudi kulala. Jioni nakuja kuwachukua."

"Ni saa kumi na moja kasoro, alfajiri."

"Na mimi nina saa nyumbani."

Nikasema siwezi kumsumbua. Akaniangalia. "Mzee, muhula mzima unatafuta gari lisilohitaji kuegeshwa. Ni la mwenzako." Kisha akaanza hadithi ya mjomba wake na ng'ombe kwenye feri, ambayo nimewahi kuisikia, na nikaisikiliza hadi mwisho. Miaka kumi na moja tumekaa meza moja na nilikuwa namhesabu kama kelele. Ana moyo kuliko mimi.

Jumatatu, wiki ya kumi na moja

Mitihani. Mvua imepungua.

Ijumaa, wiki ya kumi na moja

Viatu viko mlangoni. Chakula kimefungwa. Kadi mbili alizotutumia binti yetu zimo mfukoni mwa koti langu. Sare imo kwenye mfuko wa nailoni. Mke wangu anasema nilale. Nimelala mara mbili.

Jumamosi, wiki ya kumi na moja

Naandika ndani ya treni ya kurudi. Mke wangu amevua viatu vya kisigino na amelala mdomo wazi.

Nianze na sherehe, ili iishe. Wahitimu walikuwa sabini na wawili. Hotuba zilikuwa tatu, moja ilitosha. Binti yetu alipoitwa, mama yake alipanda jukwaani naye, akambandika beji kwenye sare aliyoishona mwenyewe, na nikaona jinsi alivyoipapasa kola kwanza, kama fundi anayekagua kazi. Mimi nilikuwa safu ya sita, kiti cha pembeni. Nilipiga makofi. Niliona kila kitu. Sasa niandike yaliyotangulia.

Ramani alifika kwetu dakika kumi kabla ya muda. Treni iliondoka kwa saa yake. Foleni ya lango safari hii ilichukua dakika tatu, na viatu vya mke wangu vikazila zote zilizookolewa na nyingine zaidi ya ishirini. Tulifika getini saa mbili na dakika ishirini. Mlinzi alikuwa yuleyule. "Leo unaingia?" akaniuliza, na nikamwonyesha kadi.

Lakini ndani palikuwa kimya. Ukumbi ulikuwa umefungwa, mwanamke mmoja anapiga deki ngazi. Tukakaa kwenye benchi la veranda. Nilidhani tumekosea siku, nikatoa kadi kuisoma. Ilikuwa na tarehe tu. Ilipofika saa mbili na dakika thelathini na tano, mlango wa upande wa hospitali ukafunguka, akatoka binti yetu. Alikuwa na nguo za kazi, macho mekundu, kandambili mguuni. Alitupita hatua tatu kabla hajasimama.

"Baba?"

"Hujambo?"

Hakuniamkia. "Mmefika saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika ishirini."

"Za leo?"

"Za leo. Mbona ukumbi umefungwa? Sherehe si saa tatu?"

Akamtazama mama yake, mama yake akatazama ngazi zinavyopigwa deki. "Baba," akasema, "sherehe ni saa tano. Nilikuambia saa tatu ili ufike saa tano."

Nikamgeukia mke wangu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tumeamka saa kumi na unajua. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungepanga kufika saa tano kamili."

Binti yetu alianza kucheka, kicheko kikapotea katikati, akaweka mkono mdomoni. "Samahani baba. Sikudhani utafika kweli."

"Usiombe samahani. Hesabu yako ilikuwa sahihi." Nilikuwa nimesimama, sikumbuki nilisimama saa ngapi. "Siku ile ya kofia, mji haukuwa na kosa. Nilijipa dakika tano. Kosa lilikuwa langu, na nilikuachia wewe ulibebe."

"Najua, baba," akasema. Hakusema si kitu. Nilishukuru kwamba hakusema si kitu.

Mama yake akauliza bweni liko wapi apige sare pasi. Binti akamwelekeza, akasema humo ndani kuna watu saba na pasi moja, ajiandae kwa vita. Mke wangu akabeba mfuko wake akaenda. Tukabaki wawili kwenye benchi.

Alikuwa ametoka zamu ya usiku, amemzibia mwenzake pengo, usiku wa pili mfululizo. Bwenini hapalaliki kwa kelele. Alikaa akiwa wima kama mtu anayeogopa kuegemea. Akatoa simu mfukoni, akaitazama, akanitazama mimi.

"Tunapangwa mstari saa nne na dakika arobaini," akasema. "Nikilala hapa, utaniamsha saa nne na nusu?"

"Mimi?"

"Wewe."

Nikasema nitamwamsha. Nikamwona akifungua simu, akaifuta kengele aliyokuwa ameitega, akaizima na simu yenyewe. Akaweka kichwa begani kwangu na kabla sijapata la kusema alikuwa ameshalala.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano. Nililaza mkono wa saa juu ya goti ili niuone bila kusogea. Mama yake alipita mara moja na sare mkononi, akatuona, akarudi alikotoka kwa ncha za vidole na viatu vile. Watu walianza kuingia uani na maua na watoto. Bwana mmoja akanijia, ametoka jasho, funguo za gari mkononi, akaniuliza kwa sauti kama najua pa kuegesha hapa karibu, ameshazunguka mara nne. Nikamwekea kidole mdomoni. Akaondoka. Bega likafa ganzi, kisha mkono mzima, kisha sikuusikia tena. Sikufanya kitu kingine chochote, na sikutaka kufanya.

Saa nne na dakika ishirini na nane nilianza kuogopa kwamba nitawahi. Saa nne na nusu kamili nikamgusa mkono.

"Ni saa?" akauliza, macho bado yamefumba.

"Ni saa."

Hakuiwasha simu kuhakikisha. Alisimama, akanyoosha nguo, akaenda.